Ploti, nyumba na ushuru wa stempu

Juma hili tuzungumzie jambo ambalo huwafikia watu wengi wakiwa wamekwisha maliza fedha zao: ushuru anaotozwa mtu anaponunua ploti ili ajenge nyumba yake mwenyewe.

Watu wetu wa mijini hujinyima miaka kumi, hata kumi na mitano, wakiweka akiba katika chama cha ushirika ili siku moja waepukane na kodi ya nyumba ya kila mwezi. Fedha zikitimia, mtu huuliza mambo mawili: ploti ni pesa ngapi, na fundi ataka ngapi. La tatu halimjii akilini mpaka wakili amwambie kwamba ardhi haiwezi kuandikishwa kwa jina lake kabla serikali haijapata chake. Hapo ndipo utakapomsikia akilalamika kwamba amelaghaiwa, ilhali sheria ilikuwako tangu zamani.

Sheria hiyo ni ile ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 480 ya Sheria za Kenya. Anayenunua ardhi ndani ya jiji au manispaa hulipa asilimia 4 ya thamani yake. Nje ya hapo hulipa asilimia 2. Mlipaji ni mnunuzi. Tena kinachotazamwa ni thamani ya soko, wala si bei mliyopatana ninyi wawili chini ya mwembe. Serikali ina wathamini wake, nao wakiona kwamba bei iliyoandikwa ni ndogo kuliko thamani, ushuru hukadiriwa kwa ile thamani waliyoiona wao.

Sasa tupige hesabu. Bwana wa kwanza ananunua ploti tupu mjini kwa shilingi 2,000,000. Ushuru wa stempu ni shilingi 80,000. Baada ya kupata hati miliki anajenga nyumba kwa shilingi 5,000,000. Nyumba hiyo haitozwi ushuru wa stempu hata senti moja, kwa sababu hakuna aliyemuuzia. Amejijengea juu ya ardhi ambayo tayari ni yake. Bwana wa pili ananunua nyumba iliyokwisha jengwa, ya shilingi 7,000,000. Huyu atalipa asilimia 4 ya zote, yaani shilingi 280,000. Wote wawili wana nyumba za gharama sawa, lakini mmoja ametoa shilingi 200,000 zaidi mbele ya msajili wa ardhi.

Msikilizaji atasema, basi kujenga ni bora. Ni kweli, lakini kuna mtego. Wengi hulipia ploti kwa awamu. Kabla hawajamaliza, na kabla ardhi haijahamishwa, wanamwaga mawe na kuanza msingi kwa kuogopa kwamba ploti itauzwa mara mbili. Miaka miwili baadaye wanaomba kuhamishiwa hati. Mthamini anafika, anakuta kuta zimefika kwenye linta, naye anathamini alichokiona kwa macho yake. Mtu huyo anajikuta akilipia ushuru nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, kana kwamba ameinunua kwa yule aliyemuuzia ardhi. Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni kwamba amejenga juu ya ardhi ambayo katika daftari la serikali bado ni mali ya mtu mwingine.

Swali hili la ardhi na nyumba kuwa kitu kimoja au viwili limewasumbua wengi, hata ng'ambo. Huko Ujerumani, ambako kila jimbo hujiwekea kiwango chake kuanzia asilimia 3.5 hadi 6.5, ukinunua ploti na kumpa kazi ya ujenzi yule yule aliyekuuzia, au mwenzake anayeshirikiana naye, serikali huihesabu kama biashara moja na kutoza ushuru juu ya ardhi na nyumba pamoja, hata kama nyumba bado ni michoro ya karatasi. Nasi hapa siku hizi tuna kampuni zinazouza ploti na nyumba kwa mkupuo mmoja. Kabla hujatia saini, mwulize wakili wako: ninanunua ardhi tupu, au ninanunua nyumba? Jibu lake ndilo litakaloonyesha ushuru wako utahesabiwa juu ya nini.

Wapo pia wanaojiona werevu. Ploti ni ya shilingi 4,000,000, lakini wanapatana na muuzaji waandike 2,000,000. Mthamini akipitwa, mnunuzi ameokoa shilingi 80,000. Kuandika uongo katika hati ni kosa, na tuseme kwamba hilo halimtishi. Lakini ipo kodi nyingine, kodi ya faida ya mtaji, ambayo hulipwa na muuzaji. Kodi hii ilisimamishwa mwaka 1985, ikarudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Siku mwerevu wetu atakapoiuza ploti ile kwa shilingi 6,000,000, faida yake ya kweli ni milioni mbili, na kodi yake ingekuwa shilingi 300,000. Lakini karatasi zasema alinunua kwa milioni mbili, kwa hiyo faida ni milioni nne na kodi ni shilingi 600,000. Aliokoa themanini, amelipa laki tatu za ziada. Njia ya mwongo ni fupi.

Kwa sababu hiyo hiyo, tunza risiti. Saruji, mabati, vyuma, malipo ya fundi na ya wakili, hata ule ushuru wa stempu, vyote hupunguza faida itakayotozwa kodi siku utakapouza. Na aliyeishi katika nyumba yake mwenyewe kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza husamehewa kodi hiyo.

Asije mtu akadhani kwamba anayejenga mwenyewe amekwepa serikali kabisa. Kila mfuko wa saruji na kila bati lina ushuru wa ziada ya thamani, yaani VAT, wa asilimia 16 ndani ya bei. Mkandarasi aliyesajiliwa hutoza huo huo juu ya kazi yake. Ukikopa benki kwa dhamana ya hati yako, rehani nayo hutozwa stempu ya asilimia 0.1. Na kaunti ina ada zake za kupitisha ramani. Nafuu ipo kwa anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu; tangu 2018 huyo amesamehewa ushuru wa stempu.

Kuna wanaouliza: je, nikikaa kimya nisilipe? Hakuna polisi atakayebisha mlangoni. Lakini hati isiyopigwa stempu haiandikishwi na msajili, na siku ya kesi mahakama haiipokei kuwa ushahidi. Tumewaona watu wenye cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba, au karatasi ya makubaliano iliyoandikwa kwa mkono, wakisimama kando wakitazama tingatinga likiangusha nyumba ya maisha yao. Walikuwa wamelipa kila mtu isipokuwa msajili.

Kwa hiyo fuata utaratibu. Kwanza fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ujue mwenye ploti ni nani. Pili, hakikisha muuzaji hana deni la kodi ya ardhi kwa kaunti wala kwa serikali kuu. Tatu, tenga fedha za stempu pamoja na bei ya ploti tangu siku ya kwanza, kisha ulipe ndani ya siku 30 baada ya hati ya kuhamisha kutiwa saini. Nne, pokea hati yenye jina lako. Tano, ndipo umwite fundi.

Kwa juma hili ni hayo. Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo. Kwaherini.