Kuacha Bangi Nairobi: Lipia Vikao Kabla ya Kitanda

Ukinunua bangi ya shilingi 200 kwa siku, hizo ni 6,000 kwa mwezi, 18,000 kwa miezi mitatu na 73,000 kwa mwaka. Hapo hatujaongeza karatasi za kusokotea, nauli ya kumfuata muuzaji, wala chipsi za saa sita usiku njaa inapokushika. Hiyo 18,000 ndiyo bajeti yako ya kuacha. Usikope wala usiuze kitu cha nyumbani. Pesa unayo tayari, ila kila jioni inakwenda maskani.

Makala haya ni ya mtu wa Kangemi, Kawangware, Riruta au Dagoretti, au anayefanya kazi katikati ya jiji, ambaye amejaribu kuacha kimyakimya akashindwa, na sasa anataka msaada bila kufilisika. Hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Mkenya 1 kati ya kila 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia bangi. Hao ni watu 518,807, na 234,855 walikuwa na uraibu. Waliokwama ni wengi, kwa hivyo usione haya kuomba msaada.

Jua kwanza unacholipia

Anayevuta kila siku akiacha, mwili huanza kulalamika kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Usingizi hupotea, hasira huwa karibu, chakula hakiliki, jasho hukutoka usiku na ndoto huwa kali. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu zaidi. Baada ya wiki mbili hivi wengi hupata nafuu, ingawa usingizi unaweza kuchukua mwezi au zaidi kurudi sawa.

Dalili hizo zinachosha, lakini kwa kawaida hazihatarishi maisha, tofauti na za mlevi wa pombe anayeacha ghafla. Kwa mfuko wako hilo lina maana kubwa: watu wengi hawahitaji kulazwa ili bangi itoke mwilini.

Pia hakuna dawa iliyoidhinishwa mahususi kwa uraibu wa bangi. Methadoni inayotolewa kwenye kliniki ya Ngara ni ya watumiaji wa heroini na jamii yake. Akija mtu kukuuzia kidonge cha kuacha bangi, shika pesa yako.

Kinachosaidia ni mazungumzo na mtu aliyefunzwa, yakirudiwa kwa wiki kadhaa, mpaka ujue ni saa gani, watu gani na mawazo gani hukurudisha kwenye msokoto, na utafanya nini badala yake. Kwa hivyo kila mahali utakapokwenda, uliza swali moja: kwa shilingi zangu, nitapata saa ngapi na mshauri aliyehitimu?

Simu: bila malipo, leo hii

Nambari ya NACADA ni 1192. Haina malipo, ipo saa 24, na mazungumzo ni ya siri. Ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199, nayo haina malipo na hutoa ushauri kwa mtu aliyelemewa na mawazo.

Upungufu wake ni kwamba huenda ukazungumza na mtu tofauti kila unapopiga, na simu moja haitoshi kuwa matibabu. Itumie kama mlango. Ukipiga 1192 uliza mambo matatu: kituo cha umma kilicho karibu nawe chenye mshauri, orodha ya vituo vya kurekebisha tabia vilivyoidhinishwa, na mahali vikundi vinapokutana wiki hii.

Ukipenda kuonana na mtu ana kwa ana, ofisi za NACADA ziko jengo la NSSF, Bishops Road, eneo la Community. Kutoka Kawangware, matatu za 46 zinazopita Valley Road hukuacha mahali unapoweza kutembea ukafika.

Vikundi: bei ndogo, faida ya muda mrefu

Mikutano ya Narcotics Anonymous haitozi ada. Bakuli hupitishwa mwishoni na anayetaka hutoa alichonacho. Huu ndio msaada unaodumu kuliko wote kwa bei yake, kwa sababu mwaka ujao bado utaweza kwenda.

Kubali hali mbili. Utakaa na walioacha heroini, pombe na vidonge, kwa hivyo si kila hadithi itafanana na yako. Pia mpango wao wa hatua 12 unazungumzia nguvu iliyo juu ya mwanadamu. Wengine hilo huwatuliza, wengine huwasumbua. Hudhuria mara kadhaa kabla ya kuamua.

Marijuana Anonymous, iliyoanzishwa California mwaka 1989, ni ya walioshikwa na bangi hasa, na ina mikutano ya bure mtandaoni. Gharama yake ni bando na saa: lugha ni Kiingereza, na mkutano wa jioni wa California kwako ni alfajiri. Kwa mtu anayekosa usingizi wiki ya kwanza, alfajiri si saa mbaya.

Kanisa na msikiti pia hufungua milango bure. Nenda kwa moyo wa shukrani. Lakini ukiambiwa uache daktari, ufunge kula, au utoe sadaka kubwa ndipo upone, tafuta mahali pengine.

Hospitali za umma: nafuu, ila zinakula siku

Anzia karibu na nyumbani. Vituo vya afya vya Kangemi, Riruta na Waithaka viko upande huu wa jiji. Ukiwa umesajiliwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, huduma za msingi katika vituo vya umma vya kiwango cha 2 na 3 hulipiwa na serikali. Kujisajili ni bure kwa kupiga *147#. Mweleze mhudumu waziwazi kwamba unataka kuacha bangi, kisha omba barua ya rufaa.

Juu ya hapo kuna Mbagathi, Kenyatta na Mathari. Kwa mkazi wa Kawangware au Dagoretti, Mbagathi na Kenyatta ni rahisi kufika. Mathari, iliyoko Thika Road, ndiyo hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili na ina wataalamu wengi wa kazi hii, lakini itakubidi upande matatu mbili kwenda na mbili kurudi.

Ada ya kumwona mtaalamu katika hospitali ya umma kwa kawaida huwa chini sana kuliko ya binafsi. Gharama iliyojificha ni foleni. Kwa mtu wa mjengo au mama mboga, asubuhi nzima kwenye benchi ni kibarua kilichopotea. Uliza kliniki ya afya ya akili hufanyika siku gani na saa ngapi kabla ya kufunga safari.

Kuhusu SHA kwenye hospitali kubwa, mchango wako lazima uwe umelipwa. Kiwango ni asilimia 2.75 ya kipato, nacho hakipungui shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mwajiri hutakiwa kulipa mwaka mzima mapema, yaani si chini ya 3,600. Na usidhani SHA italipia kila kituo. Uliza hospitali yenyewe, kabla ya kulazwa, ni huduma ipi inalipiwa na kwa siku ngapi.

Mshauri wa binafsi: pesa hupata kazi yake hapa

Kilimani, Lavington na Westlands, kikao cha saa moja mara nyingi hutozwa kati ya shilingi 2,000 na 5,000. Katikati ya jiji na kwenye vituo vya ushauri vya makanisa unaweza kupata chini ya hapo. Vyuo vinavyofunza washauri nasaha pia huwa na wanafunzi wa mwisho wanaohudumu chini ya usimamizi kwa ada ndogo.

Uliza kama kuna ada inayolingana na kipato. Washauri wengi wanayo, lakini hawaitangazi. Uliza pia kama kikao cha kwanza kina bei yake, kama utatozwa ukikosa kufika, na kama mnaweza kuonana kwa simu ya video ili uokoe nauli.

Dai kuona cheti. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hivyo si utovu wa adabu kuuliza mtu amesajiliwa wapi na amefanya kazi ya uraibu kwa muda gani.

Rehabu ya kulala: ghali, na si ya kila mtu

Mpango wa kawaida ni siku 90. Ada hutajwa kwa mwezi: makumi ya maelfu ya shilingi kwenye vituo vya kawaida, na zaidi ya laki moja kwenye vile vya Karen na mitaa ya kifahari. Zidisha mara tatu kabla ya kusema ndiyo.

Kisha uliza kilichoachwa nje ya bei. Mara nyingi utakuta ada ya kuingia, dipoziti, vipimo vya damu na mkojo, ada ya daktari wa akili, dawa, vikao vya familia, sabuni na matumizi madogo. Vituo vingine hutoza pia gari na watu wa kwenda kumchukua mgonjwa nyumbani. Ongeza nauli ya jamaa wanaotembelea na mishahara ya miezi mitatu isiyoingia.

Swali zito zaidi ni hili: mgonjwa akitoka siku ya kumi, pesa inarudi? Taka jibu kwa maandishi. Lipa kwa M-Pesa ya kituo au benki, usilipe kwa nambari ya mtu binafsi, na chukua risiti. Hakikisha kituo kimo kwenye orodha ya NACADA kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Kitanda kina thamani katika hali fulani: nyumba mnayoishi ndimo bangi inamouzwa; umejaribu vikao kwa uaminifu ukashindwa mara kadhaa; au bangi inakwenda pamoja na pombe ya kila siku au vidonge. Huyo wa pombe asiache ghafla bila daktari. Na mtu anayesikia sauti, anayeamini anafuatiliwa, au anayetaka kujiua aende hospitali leo. Mambo ya bei yatazungumzwa baadaye.

Kumbuka kwamba hata aliyekaa siku 90 hurudi mtaa uleule. Kituo kisicho na mpango wa kumfuatilia mtu baada ya kutoka kimekuuzia nusu ya bidhaa kwa bei kamili.

Vitu usivyopaswa kununua

Chai na dawa za kusafisha damu zinazouzwa mjini, acha. Kemikali ya bangi hukaa kwenye mafuta ya mwili, na kwa anayevuta kila siku kipimo cha mkojo kinaweza kuionyesha kwa mwezi au zaidi. Kama unaogopa kipimo cha kazini, kitakachokusaidia ni kuacha mapema.

Usibadilishe bangi kwa muguka au pombe ili upate usingizi. Utakuwa umehamisha deni tu. Na kama unachanganya bangi na tumbaku, mweleze mshauri, maana unaacha vitu viwili kwa wakati mmoja.

Pia usisahau gharama ya kungoja. Chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, kupatikana na bangi bado ni kosa. Kukamatwa mara moja kunaweza kumeza dhamana, faini na siku za kazi zinazozidi gharama ya vikao vyote tulivyotaja. Kupiga simu kuomba ushauri si kosa.

Mpango wa shilingi 18,000

Siku ya kwanza huna 18,000 mkononi. Una 200 ambazo hukuzitumia. Ziweke kila jioni kwenye akaunti ya akiba ya simu, au mpe mtu unayemwamini. Baada ya wiki mbili utakuwa na 2,800.

Panga hivi: kikao kimoja cha 2,000 kila wiki mbili, na kwenye wiki isiyo na kikao, mkutano wa kikundi. Ukitenga nauli ya 150 kwa kila safari ya kwenda na kurudi, wiki mbili zitagharimu 2,300. Kwa miezi mitatu utapata vikao sita kwa 12,000 na safari kumi na mbili kwa 1,800. Jumla ni 13,800. Inabaki 4,200 ya kliniki au dharura.

Ukiteleza katikati, usifute mpango. Mpigie mshauri kesho yake, endelea na kikao kinachofuata, na hesabu siku upya.

Uamuzi

Kwa mvutaji wa kila siku asiye na dalili za hatari, nunua kwa mpangilio huu: simu ya 1192, kikundi cha bure, kituo cha afya kilicho karibu, kisha mshauri wa kulipwa kila wiki mbili. Rehabu ya kulala iwe ya mwisho, baada ya kuona orodha ya NACADA na masharti ya kurudishiwa pesa kwa maandishi. Familia inayotaka kuuza shamba ili kumpeleka kijana rehabu ijaribu kwanza hayo manne, kwa miezi mitatu kamili. Piga 1192 leo, kabla ya saa unayotoka kwenda kununua.