Tujifunze Tabianchi: Ngitili za Shinyanga

Wekeni madaftari yenu tayari. Somo letu la leo linahusu neno moja gumu: tabianchi.

Mvua ikinyesha leo na jua likiwaka kesho, hiyo ni hali ya hewa. Lakini desturi ya mvua, joto na upepo wa nchi kwa miaka mingi ndiyo tabianchi. Wataalamu huipima kwa miaka 30. Kwa hiyo ukame wa mwaka mmoja hautoshi kuthibitisha kwamba tabianchi imebadilika. Lakini vipimo vya miaka zaidi ya 100 vyaonyesha kwamba joto la dunia limeongezeka. Sababu kubwa ni hewa ya ukaa. Hewa hiyo hutoka katika makaa ya mawe, mafuta na gesi zinazochomwa, na katika misitu inayofyekwa. Hukaa angani na kuzuia joto lisitoke, kama blanketi lizuiavyo joto la mwili.

Labda mtauliza: "Sisi wakulima na wafugaji tusio na viwanda, somo hili latufaa nini?" Swali zuri. Jibu lake tulitafute Shinyanga.

Tangu zamani Wasukuma walikuwa na ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii humo, basi nyasi hukua na miti huchipua. Kiangazi kikikaza, malisho ya nje yakiisha, hapo ngitili hufunguliwa. Ni ghala ya majani, kama vile kihenge kilivyo ghala ya nafaka.

Lakini miti ya Shinyanga ilikatwa sana: ili kuwafukuza mbung'o, kupata mashamba ya pamba, na kupata kuni na mkaa. Tena, watu walipohamishiwa vijiji vipya miaka ya 1970, wengi waliziacha ngitili zao nyuma. Ilipofika mwaka 1986 zilibaki hekta 600 hivi tu.

Mwaka huo serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni maofisa walitegemea vitalu vya miche. Baadaye wakawasikiliza wazee, wakajifunza kwamba ardhi ikipumzishwa miti huchipua yenyewe. Mikutano ya vijiji ikaweka sheria, na sungusungu wakalinda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Kuni zikapatikana karibu, na baadhi ya vijiji vikapata fedha za kujengea madarasa.

Sasa angalieni vema. Ngitili haiwezi kuzuia joto la dunia nzima, ijapokuwa miti yake hunywa hewa ya ukaa. Wanaochoma mafuta na makaa ya mawe kwa wingi ndio wenye deni kubwa. Wala ngitili haiamuru mvua inyeshe. Lakini mvua zikichelewa, mwenye ngitili ana majani ya akiba. Ng'ombe wake wakipona, ada na madaftari ya watoto hupona pia. Hiyo ndiyo faida ya somo hili: kujua kinachobadilika, na kujiweka tayari.

Kazi ya juma hili ni hii. Mwulize mzee mmoja wa kijijini kwenu maswali matatu, uyaandike majibu yake:

1. Zamani mvua za kupandia zilianza mwezi gani?
2. Siku hizi zinaanza mwezi gani?
3. Zamani watu waliweka akiba gani ya kuvukia kiangazi?

Kisha andika tarehe ya mvua ya kwanza ya msimu huu, na ufanye hivyo kila mwaka. Kumbukumbu za mzee ni hazina, lakini akifariki huondoka nazo. Daftari hubaki. Ukilitunza miaka 30, wanao watasoma tabianchi ya kijiji chenu kwa mwandiko wako.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.