Okidi yako ina majani tele lakini haitoi ua? Angalia inalala wapi usiku

Uliinunua ikiwa na maua, ukaiweka sebuleni, kila mgeni akaisifu. Maua yakakaa karibu miezi miwili, yakanyauka. Sasa mwaka wa pili unaisha, majani yanaongezeka, chungu kimejaa mpaka kinataka kupasuka, na ua hata moja hakuna. Umebadilisha mbolea. Mmoja kakwambia ongeza maji, mwingine kakwambia punguza.

Kabla hujaitupa, itazame vizuri. Kama majani yake ni marefu na membamba kama mchaichai, na chini yake kuna vibonge vya kijani vinavyofanana na vitunguu, basi uwezekano mkubwa ni simbidiamu. Kwenye kibandiko cha dukani huwa imeandikwa Cymbidium. Hii ni okidi ya baridi, na mara nyingi kinachoikosesha maua si mbolea wala maji. Ni usiku wenye joto.

Ile nyingine inayouzwa sana, yenye majani machache mapana na mazito yaliyolala karibu na chungu, ni falenopsisi. Hiyo inapenda joto la ndani ya nyumba. Watu wengi wanazitunza zote mbili kwa namna moja, halafu wanashangaa moja inachanua na nyingine imegoma.

Imetoka milimani

Asili ya simbidiamu ni Asia. Zile zenye maua makubwa ni machotara, na wazazi wao wengi walitoka kwenye miteremko ya Himalaya na milima ya Burma, Thailand na Vietnam. Huko zinaota kwenye matawi ya miti mikubwa au kwenye nyufa za miamba, mizizi ikiwa inapata hewa. Miezi ya mvua mmea unakula na kunenepa. Mvua ikikata, mchana unabaki na jua lakini usiku unapoa sana, na hapo ndipo mmea unapoanza kuandaa maua.

Kwa muda mrefu haya yalikuwa maua ya matajiri. Kapsuli moja ya okidi inaweza kuwa na mbegu laki kadhaa, ndogo kama vumbi, lakini mbegu hizo hazina akiba ya chakula, kwa hiyo porini haziwezi kuota bila msaada wa kuvu fulani. Mwaka 1960 mtafiti Mfaransa, Georges Morel, alionyesha kuwa unaweza kuchukua ncha ndogo mno ya chipukizi la simbidiamu na kuizalisha maabara. Ndiyo njia ya aina ile ile inayotupa miche ya migomba ya tishu leo. Bei zikashuka, na okidi zikaingia madukani.

Usiku wa nyuzi 10 hadi 14

Ili simbidiamu kubwa itoe maua, kibonge chake kipya kikiwa kimekomaa kinahitaji wiki kadhaa za usiku wa nyuzi joto 10 hadi 14 hivi, na mchana wenye mwanga mzuri ambao haupiti sana nyuzi 25. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 15 msimu mzima, mmea hautakufa. Utakua vizuri tu, utatoa majani, na maua hayatakuja.

Sasa angalia tunakoishi. Nairobi, usiku wa Julai hushuka hadi karibu nyuzi 12. Limuru, Lushoto, Mbeya na Njombe nako Juni hadi Agosti ni miezi ya masweta. Yaani hali ya hewa ipo, bure, nje ya dirisha lako.

Tatizo ni kwamba okidi haipo nje. Ipo sebuleni, madirisha yamefungwa, jikoni kunapikwa, watu sita wanaangalia taarifa ya habari. Mji una nyuzi 12, lakini pale okidi inapolala kuna 19. Kwa mmea huo baridi haijawahi kufika.

Kwa hiyo itoe nje. Kuanzia mwisho wa masika iweke barazani, kwenye roshani, au chini ya mti wenye kivuli chepesi, na ilale huko miezi yote ya baridi. Kwenye maeneo ambayo umande huganda asubuhi, kama inavyotokea Njombe au Limuru baadhi ya miaka, isogeze ukutani chini ya paa usiku huo. Baridi inaitaka, ila barafu kwenye majani itaiunguza.

Kipima joto cha bei nafuu kitakusaidia kuliko mfuko wa mbolea. Kitundike kando ya chungu na usome asubuhi mapema kabla jua halijatoka.

Na sisi wa pwani?

Hapa tuseme ukweli. Dar es Salaam, hata Julai, usiku hubaki nyuzi 18 au 19. Mombasa na Zanzibar nako usiku ni wa joto. Kuna wanaoshauriwa waweke vipande vya barafu kwenye chungu. Haisaidii, kwa sababu mmea unahitaji hewa ya baridi usiku mzima, wiki baada ya wiki, na barafu inaishia kuumiza mizizi tu. Kiyoyozi nacho kinakausha hewa, na Luku itaisha kabla ya ua la kwanza.

Kwa mtu wa pwani, simbidiamu yenye maua makubwa ni ya kumpelekea ndugu aliyeko Lushoto. Wewe tafuta dendrobiamu za joto, vanda, au hiyo falenopsisi. Joto na unyevu wa pwani ndivyo zinavyovitaka, na watu wa Njombe watakuonea wivu.

Majani ya kijani kibichi sana si sifa

Baada ya baridi, jambo la pili ni mwanga. Wengi wanafurahia majani ya kijani kilichoiva, lakini kwa simbidiamu hiyo ni dalili kwamba iko gizani. Jani lenye mwanga wa kutosha lina kijani chepesi kinachoelekea njano kidogo, kama ndizi inayofikiria kuiva. Jua la asubuhi ni zuri. Jua la saa sita moja kwa moja litababua, kwa hiyo tumia neti ya kivuli au mti. Ukiona mabaka meupe au meusi yaliyokauka upande unaotazama jua, isogeze.

Usiihamishe kutoka sebuleni hadi juani siku moja. Wiki ya kwanza kivulini, halafu uisogeze taratibu.

Chungu, maji, mbolea

Udongo wa bustani unaua. Mizizi ya okidi hii ni minene na inataka kupumua. Tumia magome ya msonobari yaliyokatwakatwa ya ukubwa wa kidole gumba, changanya na vipande vya mkaa na makumbi ya nazi. Makumbi yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa kwanza, maana mengine yana chumvi. Chungu kiwe na matundu mengi chini, na kiwe kinaacha nafasi ya miaka miwili tu ya kukua. Kikiwa kikubwa mno, katikati patabaki maji na mizizi itaoza.

Badilisha chungu kila baada ya miaka miwili au mitatu, mara tu maua yanapoisha. Ukiigawa, acha vibonge vitatu au vinne pamoja kwenye kila fungu. Hapo tamaa inaponza: ukigawa kimoja kimoja utapata vyungu vingi na maua utayasubiri miaka. Kila kibonge hutoa maua kikiwa kipya, na kikishachanua kwa kawaida hakirudii, ila kinabaki kuwa ghala la maji na chakula kwa vijavyo. Usikikate kwa sababu tu kimepoteza majani.

Kisu kichome moto au kisafishe kwa dawa ya madoa kabla ya kuhamia mmea mwingine. Kuna virusi vya simbidiamu vinavyosafiri kwa kisu na havina dawa. Mmea ukivipata, ni kuutoa kabisa.

Maji: wakati inakua, mwagilia mpaka yatoke chini, halafu subiri magome ya juu yaanze kukauka. Miezi ya baridi punguza, lakini usiiache vibonge vikasinyaa. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima yenye chumvi.

Mbolea ni ya kuyeyushwa, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila wiki mbili wakati wa kukua. Mwanzo tumia yenye naitrojeni zaidi, vibonge vikianza kukomaa hamia kwenye yenye potasiamu zaidi. Ukiendelea na naitrojeni nyingi mpaka kipindi cha baridi, utavuna majani.

Chini ya majani kagua utitiri na wadudu gamba. Utitiri unapenda hewa kavu na jani huwa kama limenyunyiziwa vumbi la fedha. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni nyepesi, rudia kila wiki.

Kikonyo kimetoka, usikichanganye

Ukifuata haya, siku moja utaona kitu kinachomoza kwenye shina la kibonge kipya. Inaweza kuwa kikonyo cha maua, inaweza kuwa chipukizi la majani. Kikonyo ni cha mviringo kama penseli nene na ncha yake imefumba. Chipukizi la majani ni bapa, na baada ya muda mfupi ncha yake inafunguka kama feni.

Ikiwa ni kikonyo, kuwa mvumilivu, kinachukua miezi kadhaa mpaka kufungua. Kifunge kwenye kijiti mapema kwa sababu kinavunjika upesi. Usizungushezungushe chungu, maana kikonyo kinafuata mwanga na kitapindapinda. Konokono nao wanakipenda kuliko wewe.

Machipukizi ya maua yakianza kunjano na kudondoka kabla ya kufunguka, angalia kama uliuingiza mmea ghafla kwenye joto. Sababu nyingine ni gesi ya ethilini inayotolewa na matunda yanayoiva. Yaani bakuli la ndizi mbivu kando ya okidi linaweza kukuharibia kazi ya mwaka mzima. Moshi wa jiko la mkaa nao si rafiki.

Walio Ulaya

Kwa ndugu zetu walioko Uingereza au Ujerumani, kanuni ni ile ile ila kalenda imegeuka. Itoe nje Juni, baridi ya mwanzo wa majani kupukutika iipate ikiwa nje, kisha iingize kabla usiku haujaanza kugandisha. Iweke kwenye chumba kisicho na joto kali, karibu na dirisha, mbali na rejeta. Ukitaka kuja nayo nyumbani kwenye sanduku, jua kwamba okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kuvusha mpaka kunahitaji vibali, pamoja na cheti cha afya ya mmea.

Za Kitulo ziache Kitulo

Wanaoishi nyanda za juu kusini wana kishawishi kingine: kwa nini ninunue wakati porini zipo? Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, ina aina 45 za okidi za ardhini. Okidi za ukanda huo tayari zimepungua kwa kuchimbwa viazi vyake na kupelekwa Zambia kutengenezea chikanda.

Ukiichimba moja ukaipeleka nyumbani, haitakupa ulichotaka. Zinategemea kuvu waliomo kwenye udongo wa pale pale, na kwenye chungu cha magome huwa zinadhoofika mpaka zinakufa. Msimu wa maua Kitulo ni wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili hivi, na kuzitazama mtu unaruhusiwa kwa kulipa kiingilio tu.