Binti aliyejifungua na darasa lake: Zambia waliruhusu 1997, sisi 2021

UKITOKA Sumbawanga kupitia Matai, barabara inakufikisha Kasesya, mpakani na Zambia. Ng'ambo ni Mbala. Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili, wanaoana, wanazikana na kuuziana mahindi na maharage. Kinachobadilika ukivuka ni shule.

Huku, mtoto wa shule ya msingi ya Serikali anasoma kwa Kiswahili, halafu anakutana na Kiingereza kidato cha kwanza. Kule anaanza na lugha ya eneo lake, ambayo kaskazini ni Kibemba, na kuingia Kiingereza akiwa bado shule ya msingi. Tanzania iliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016. Zambia ikafika sekondari mwaka 2022.

Ipo tofauti nyingine iliyowagusa mabinti hadi kwenye afya zao. Zambia inamruhusu mwanafunzi aliyepata mimba kurudi darasani baada ya kujifungua tangu mwaka 1997. Malawi walianza 1993 na Kenya 1994. Hapa kwetu ruhusa ilitangazwa Novemba 2021. Kwa miaka 24, binti wa Mbala alikuwa na ruhusa ya kurudi, huku mwenzake wa Matai akihesabiwa kuwa shule imekwisha.

Wapo waliohofia kwamba ruhusa hiyo ingewafundisha mabinti tabia mbaya. Takwimu zinasema nini? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikwishaanza uzazi. Mwaka 2015/16 walifika asilimia 27. Mlango wa shule ulikuwa umefungwa miaka yote hiyo, na mimba hazikupungua. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 22, lakini Rukwa ilikuwa na asilimia 30, miongoni mwa mikoa mitano ya juu.

Zambia nako, utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha asilimia 29. Ruhusa ya kurudi si dawa ya kuzuia mimba. Kazi yake ni kumwokoa binti baada ya mimba kuingia, na uokoaji huo unaanzia nyumbani.

Anayeogopa kufukuzwa huficha mimba, na anayeficha huchelewa kliniki. Hatari iko hapo, kwa sababu wajawazito wenye umri mdogo wako katika hatari zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua. Nyonga isiyokomaa inaweza kusababisha uzazi pingamizi, na uzazi pingamizi usiposhughulikiwa mapema huleta fistula. Mzazi, ukigundua, hasira zisikuzuie kumpeleka kliniki. Aanze kabla ya wiki ya 12 na ahudhurie angalau mara nane.

Mtoto akizaliwa, anatakiwa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Binti akirudi shule kabla ya hapo, anaweza kukamua maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko. Yakiwa nje ya jokofu, mtoto ayanywe kwa kikombe ndani ya saa nne.

Swali gumu ni nani atabaki na mtoto. Shule zinafunguliwa Januari, na Januari Ufipa ni palizi. Bibi ambaye angelea mjukuu yuko shambani tangu alfajiri. Zambia wamejifunza kwamba ruhusa bila mlezi, bila sare na bila kuzuia masimango ya wenzake darasani haiwarudishi wote.

Muda nao una mwisho. Mwongozo wetu unampa binti miaka miwili tangu alipoacha masomo. Mzazi aende mapema kwa mkuu wa shule au ofisa elimu kata. Aliyepitwa na muda huo bado ana njia kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, au vyuo vya maendeleo ya wananchi, kikiwamo cha Chala wilayani Nkasi.

Usikubali kumalizana nyumbani kwa mahari au ng'ombe. Tangu mwaka 2016, Sheria ya Elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na kumwoza mwanafunzi pia ni kosa. Ng'ombe wawili hawatamlipia binti kidato cha nne alichokikosa.

Serikali imeshafungua mlango. Familia yenye binti wa namna hii ikikaa Desemba kupanga nani atalima wapi, ipange kwanza nani atabaki na mtoto.