Deki ilizoeleka kwa kukodishwa

Mashine mpya ikichelewa kupokelewa, wepesi wetu ni kuwalaumu watu: wamezubaa, hawajasoma, wana woga. Nimeifuatilia historia ya sinema ya Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na kila nikifika kwenye sura ya video naona jinsi lawama hiyo isivyo na haki. Deki, mashine ya kuchezea kanda za video, ilizoeleka polepole katika nyumba za Tanzania Bara, na polepole ile ilikuwa na akili ndani yake. Watu waliionja kabla ya kuinunua. Waliionjea kwenye duka la kukodisha kanda, biashara ndogo ambayo waandishi wa historia yetu wameipita haraka mno.

Mwaka 1962 mtaalamu wa Kimarekani Everett Rogers alichapisha kitabu kuhusu namna mambo mapya yanavyoenea katika jamii. Sehemu kubwa ya hoja zake ilitokana na tafiti za waliomtangulia, hasa ule wa Ryan na Gross wa mwaka 1943 juu ya wakulima wa jimbo la Iowa na mbegu chotara za mahindi. Wakulima wale walizisikia habari za mbegu hizo miaka kadhaa kabla ya kuzikubali. Hata walipozikubali, wengi walianza na kipande tu cha shamba, wakatazama mavuno, msimu uliofuata wakaongeza. Rogers alitaja sifa tano zinazoharakisha au kuchelewesha jambo jipya, na mojawapo ni iwapo mtu anaweza kulijaribu kidogo kidogo bila kujifunga. Kanda ya kukodi ndiyo iliyokuwa kipande cha shamba cha watu wa mijini kwetu.

Jaribio hilo lilikuwa na uzito wa pekee Bara kwa sababu televisheni yenyewe haikuwapo. Zanzibar ilikuwa na kituo chake, tena cha rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mijini, ambayo ingezidi kuwaacha nyuma watu wa vijijini, na uagizaji wa seti ukabanwa. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje, na katika enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi mlango ukazidi kufunguka. Mabaharia, wafanyabiashara na ndugu waliokuwa Dubai na Oman wakawa wanarudi na seti na deki.

Hapa kisa chetu kinaachana na cha wenzetu. Marekani deki iliingia nyumbani ikiifuata televisheni: watu walirekodi vipindi ili wavitazame baadaye, na kesi maarufu ya kampuni za filamu dhidi ya Sony, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1984, ilihusu kurekodi huko. Dar es Salaam mambo yalikuwa kinyume. Ukiwatoa walioweza kunasa matangazo ya Zanzibar kwa antena ndefu, mwenye seti hakuwa na cha kutazama ila kanda. Televisheni ilinunuliwa kwa ajili ya deki. Na kanda ya kununua utaitazama mara ngapi kabla haijakuchosha? Ndiyo maana duka la kukodisha halikuwa nyongeza ya kupendezesha. Bila duka hilo mashine yote ingekaa sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Tuifungue deki kidogo, maana mengi ya utamaduni wa video yalianzia humo. Mfumo wa VHS uliletwa sokoni na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Betamax ya Sony. Ndani ya kanda mna utepe wa plastiki wenye upana wa nusu inchi, uliopakwa unga wa sumaku. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio uliokuwa wetu, deki huuvuta utepe ule kwa kiasi cha milimita 23 tu kwa sekunde, mwendo usiotosha hata kidogo kubeba picha. Kwa hiyo wahandisi waliweka silinda inayozunguka mara 25 kwa sekunde, yenye vichwa vidogo vya kusomea, ambavyo mafundi wetu huviita hedi. Hedi hupita juu ya utepe kimshazari, mstari baada ya mstari, na kila mstari hubeba nusu ya picha moja. Vumbi dogo likishika pale, picha nzima inajaa chenga, na fundi anaanza kutafuta spiriti.

Kwa mtazamaji, hata hivyo, kilichoamua mengi ni urefu wa kanda. E-180, moja ya saizi zilizozoeleka, huchukua saa tatu. Picha ya Kihindi ilienea humo kwa kubanana, pamoja na nyimbo zake zote. Picha ya mapigano ya Hong Kong iliisha baada ya saa moja na nusu, ikaacha nusu ya utepe mtupu. Wanakili hawakuona sababu ya kupoteza nafasi ile, wakaijaza picha ya pili, mara nyingi yoyote iliyokuwa karibu. Umekodi ya Bruce Lee, imekwisha, watoto bado wako macho, umeme haujakatika, na kwenye kioo linaanza jambo ambalo hakuna aliyeliomba. Inaweza kuwa picha ya kutisha ya Kiitaliano, au mapenzi ya Wachina yasiyo na teke hata moja. Nimezungumza na watu wengi wa umri wangu kuhusu miaka ile, na wanachokieleza kwa uchangamfu mkubwa ni picha hizo za mkiani. Wengine hadi leo hawajui majina yake. Naamini hakuna shule ya sinema iliyowafundisha watu wengi hivyo kwa bahati nasibu tu.

Mwalimu mwingine alikuwa mwenye duka. Picha hazikuombwa kwa majina, kwa kuwa majina yalikuwa ya Kiingereza, au yameandikwa kwa kalamu juu ya karatasi iliyokwishafifia. Ziliombwa kwa steringi, yaani mhusika mkuu: nipe ya Amitabh, nipe ya Van Damme, kuna Rambo mpya? Mwenye duka alikuwa na daftari la majina ya wateja na tarehe za kurudisha, lakini daftari kubwa zaidi lilikuwa kichwani mwake. Alijua nyumba ipi ina wazee wasiovumilia picha za kubusiana, na nani atarudisha kanda bila kuirudisha mwanzo. Akikwambia, "Mama, hii ina kilio, lakini mwisho wake utaupenda," maneno hayo yalibeba dhamana: akikosea mara mbili, mteja anahamia duka la pili. Huo ndio uaminifu ulioifanya mashine ngeni izoeleke. Mtu aliyeiogopa deki hakuhitaji kuiamini deki. Ilitosha amwamini kijana wa mtaani aliyemfahamu hadi kwao.

Wanawake walipata kitu ambacho ukumbi wa sinema uliwapa kwa mgao. Kumbi za pwani zilikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na kwa baadhi ya familia hayo ndiyo pekee waliyoruhusiwa kuhudhuria. Kanda iliwawezesha kutazama siku yoyote, wakiwa na mashoga zao, na kusimamisha picha ili wajadiliane kama yule mkwe alistahili alichofanyiwa. Wazee waliokuwa wakiisema video kwa ukali barazani walianza kuvuta viti, hasa zilipochezwa picha zenye kisa cha mama na mwana.

Lugha ilibaki kikwazo, na ufumbuzi wake ndio mchango ninaouenzi kuliko yote. Watafsiri walisimama kando ya kioo kwenye mabanda ya video wakisimulia picha kwa Kiswahili moja kwa moja, kisha baadhi yao wakaanza kurekodi sauti zao juu ya kanda ili zikodishwe na kuuzwa. Derek Mukandala, aliyejulikana kote kama Lufufu, ndiye mkubwa wao. Hakutafsiri sentensi kwa sentensi. Aliwapa wahusika nasaba na tabia, akaeleza mila ngeni kwa mifano ya hapa hapa, akaingiza mizaha yake katikati ya risasi. Uganda nako kazi hiyo ilistawi sana. Wapo wanaoiita kazi hiyo uharibifu wa filamu za watu. Mimi naiita usimulizi, ule ule wa jioni tulioukuta kwa bibi zetu, uliopata mahali papya pa kukaa.

Haki za watunzi hazikuheshimiwa, na hilo lisemwe wazi. Kanda nyingi zilikuwa nakala za nakala. Kila utepe wa sumaku unaponakiliwa hupoteza kitu: rangi nyekundu huanza kuvuja nje ya mipaka yake, sauti hupata mkwaruzo, nyuso hulainika hadi huoni macho. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuja wakati biashara imekwisha kuota mizizi. Lakini mtandao ule ule wa maduka ndio uliopokea picha za Nigeria, ambazo tangu Living in Bondage ya mwaka 1992 zilitengenezwa kwa ajili ya kanda na wala si kwa ukumbi, na ndio uliowaandaa wateja wa filamu za nyumbani kama Girlfriend ya mwaka 2003. Mwigizaji Steven Kanumba na wenzake walikuta watazamaji waliokwisha kuzoea kukodi, kubishana na kurudi dukani kuuliza kuna nini kipya.

Kampuni ya Funai ya Japani ilitengeneza deki zake za mwisho mwaka 2016. Utepe nao una maadui wawili wakubwa huku pwani, joto na unyevu. Gundi inayoshika ule unga huanza kunata, na ukungu huota pembeni kama vumbi jeupe. Sauti za watafsiri, harusi za mitaani na filamu zetu za mwanzo bado zimo kwenye makabati ya watu. Ikiwa unazo, zisimamishe wima mahali pakavu, mbali na spika. Ukiona weupe kwenye dirisha la kanda usiiweke kwenye deki, maana itachafua hedi na kukatika; mpelekee kwanza fundi anayejua kuisafisha. Zilizo safi zichezwe mara moja tu, kwenye deki iliyokwisha kupimwa kwa kanda isiyo na thamani, huku kompyuta ikirekodi. Anza na zenye mwandiko wa mkono.