Shirika la Marekani Katika Njia ya Thika

Mtu akisimama alfajiri penye kituo cha Ruiru, wakati ambapo matatu za nambari 145 zinajaza abiria wa kwenda Nairobi na zile za 237 zinapita mbio zikitoka Thika, akazitazama nyuso za magari yale makubwa moja baada ya moja, ataona kwamba aghalabu yameandikwa jina moja, nalo ni Isuzu. Na akimwuliza dereva au makanga asili ya gari hilo ni wapi, atajibiwa bila ya kusita kuwa ni Japani. Jibu hilo ni la kweli, walakini si kweli yote, kwa kuwa muda wa miaka arobaini, tangu 1977 hata 2017, mwenye kuyaunganisha magari ya Isuzu katika kiwanda cha Nairobi, na kuyauza, na kuyadhamini, alikuwa General Motors, shirika la Marekani lenye makao yake makuu katika mji wa Detroit. Nimefanya kazi ya injini miaka mingi, na katika mambo yanayowatia hasara wenye magari wa Thika na Ruiru sijaona linalozidi desturi hii ya kuihukumu motokaa kwa taifa lake: Mjapani, wasema, havunjiki, na Mmarekani haziwezi njia zetu. Hukumu hiyo nimeipima mara nyingi juu ya meza ya kazi, wala sijaiona kusimama.

Shirika lenyewe lilianzishwa na mtu ambaye hakuwa fundi. William Durant alikuwa akitengeneza magari ya kukokotwa na farasi katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, akatajirika kwa biashara hiyo, kisha mwaka 1904 akashika uongozi wa kampuni changa ya motokaa iliyoitwa Buick. Na tarehe 16 Septemba 1908 akaanzisha General Motors, si kwa nia ya kuunda motokaa ya namna moja, bali kwa nia ya kuzinunua kampuni za wenzake na kuzikusanya pamoja, mfano wa tajiri wa bandarini anunuaye majahazi ya manahodha mbalimbali, akakiachia kila chombo jina lake na tanga lake. Ndivyo Oldsmobile na Cadillac zilivyoingia mkononi mwake. Madeni yakamzidi, na wenye mabenki wakamwondoa mwaka 1910. Naye hakukata tamaa, akashirikiana na Louis Chevrolet, dereva wa mashindano mzaliwa wa Uswisi, wakaanzisha mwaka 1911 kampuni nyingine ambayo ilistawi hata ikampa Durant nguvu ya kurudi na kuitwaa tena General Motors mwaka 1916. Mwaka 1920 akatolewa mara ya pili, asirudi.

Aliyeutia ufalme huo nidhamu ni Alfred Sloan, aliyekuwa rais wa shirika tangu mwaka 1923. Zama hizo Henry Ford alikuwa ameitawala biashara kwa motokaa moja tu, Model T, ambayo bei yake ilizidi kushuka mwaka hata mwaka; Sloan akatambua kuwa watu hawalingani kwa mapato wala kwa matakwa, akapanga motokaa zake kama ngazi, Chevrolet ikiwa chini kwa ajili ya mwenye fedha haba, Cadillac ikiwa juu kwa ajili ya tajiri, na nyingine zikashika daraja za kati. Kisha desturi ile ile ya Durant ya kununua nyumba za wengine ikavuka bahari: Vauxhall ya Uingereza ikanunuliwa mwaka 1925, Opel ya Ujerumani mwaka 1929, na mwaka 1971 zikanunuliwa hisa 34.2 kwa mia za Isuzu ya Japani. Kwa njia hiyo shirika likashika nafasi ya kwanza duniani kwa wingi wa magari yaliyouzwa tangu mwaka 1931 hata Toyota ilipolipita mwaka 2008. Msomaji ashike jambo hili moja, kwamba jina lililo usoni mwa gari halimwambii ni nani mwenye kiwanda, wala aliyelichora, wala injini yake ilizaliwa katika nchi gani.

Motokaa zilizoundwa kwa ajili ya Wamarekani wenyewe hazikupata nafasi kwetu kwa sababu iliyo dhahiri: usukani wake uko kushoto, ilhali sisi tumerithi kwa Waingereza kupita upande wa kushoto wa njia, na sheria yetu yataka usukani uwe kulia. Kwa hiyo Mmarekani aliyetaka kuuza gari Kenya aghalabu alilileta kwa mkono wa mtoto wake wa kupanga, Mwingereza au Mjapani. Wazee wa Thika wanaoikumbuka lori ya Bedford, iliyokuwa ikibeba kahawa na mkonge wa mashamba ya huku, huisifu kuwa ni kazi ya Kiingereza, na kweli iliundwa Uingereza tangu mwaka 1931 chini ya Vauxhall. Lakini Vauxhall ilikuwa tayari mali ya General Motors, na faida yake ya mwisho ilikwenda Marekani.

Miaka ya sabini Serikali ya Kenya iliona fedha nyingi za kigeni zikitoka nje kwa kununua magari mazima, ikaamua kwamba malori na magari mengine ya kazi yaje vipande vipande yaunganishwe hapa, ili vijana wapate ujuzi na viwanda vidogo vipate soko. Thika ilitangulia. Mwaka 1974 kilianzishwa huko kiwanda cha Leyland Kenya, ubia wa Serikali na Waingereza wa British Leyland, ambacho kiliunganisha Land Rover, kikabadilishwa jina mwaka 1989 kuwa Kenya Vehicle Manufacturers, na ambacho mwaka 2016 kiliipokea tena Volkswagen kwa motokaa yake iitwayo Polo Vivo. Mwaka 1975 Serikali ikaafikiana na General Motors, na miaka miwili baadaye kiwanda chao cha Nairobi kikaanza kutoa lori; na Mombasa nako kikasimamishwa kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers.

Inafaa nieleze kuunganisha ni nini, maana wengi hudhani kuwa ni kukaza boliti tu. Makasha hufika kutoka ng'ambo yakiwa na mabati ya kichwa cha lori, mihimili ya chesi, ekseli, gia boksi, na injini iliyokwisha fungwa. Mabati hayo huchomelewa, hutiwa dawa ya kuzuia kutu, hupakwa rangi na kuokwa, ndipo kichwa kiteremshwe juu ya chesi ambayo imekwisha wekewa injini na magurudumu. Na vitu kama betri, springi, vioo na viti vyaweza kununuliwa kwa watengenezaji wa humu nchini. Lori itakayokuwa matatu hutoka kiwandani ikiwa kichwa na chesi, bila ya mwili, na mwenye mali huipeleka kwa mjenzi wa bodi, ambaye huchomelea mabomba ya mraba, huyafunika kwa mabati, na kufunga viti kwa kadiri ya abiria, kwa mfano 33 kwa ile Isuzu iitwayo NQR. Kwa sababu hiyo, mtu alalamikaye kwamba paa la Isuzu yake linavuja ampelekee lawama mjenzi wa bodi, kwa kuwa kiwanda kilichounda injini hakikuligusa paa hilo.

Niliwasikiliza wenye NQR na wenye lori za Isuzu mara nyingi, na sifa wanazozitoa hazihusu starehe hata kidogo. Springi zake ni ngumu, kelele ya injini huingia hadi kitini, na bei ya spea halisi huwauma wote. Wanalolisifu ni kwamba gari hurudi nyumbani. Sababu zake ni za kitaalamu na si za utaifa: chesi yake ni mihimili miwili mirefu ya chuma iliyoungwa kwa vipingo kama ngazi, hivyo uzito wa mzigo huchukuliwa na mihimili wala si na mabati, injini yake ni ya dizeli, ambayo huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, haina plagi za cheche wala nyaya za kuzihudumia, na nguvu yake ya kuvuta hupatikana mapema, injini ikizunguka polepole, jambo linalofaa sana kwa gari la kusimama na kuondoka mara mia kwa siku. Fauka ya hayo, kwa kuwa magari ya namna moja yaliunganishwa hapa miaka mingi mfululizo, kila fundi wa Makongeni, hapa Thika, amelifungua moja, na spea ambayo duka la Thika halina hupatikana Grogan, Nairobi, kabla ya adhuhuri. Uimara huo Mjapani aliuchora, lakini sehemu kubwa yake iliundwa na wingi wa magari yenyewe katika njia zetu.

Sasa nitaje Chevrolet, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuja na jina la Kimarekani, na ndiyo iliyoubeba mzigo wote wa lawama. Ile Optra iliyouzwa Kenya miaka ya elfu mbili na kitu, na ambayo wengi wa Ruiru waliinunua mitumba baada ya maofisi kuiacha, ilikuwa kazi ya Daewoo ya Korea Kusini, kampuni ambayo General Motors ilitwaa biashara yake ya motokaa mwaka 2002. Umbo la ile yenye buti lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Na injini yake ya lita 1.6 ni ya ukoo uliobuniwa na Opel, Ujerumani. Cha Kimarekani hapo ni alama ya msalaba iliyo mbele na mfuko ulioipokea faida. Wenye nayo husema milango yake ni mizito na yafunga kwa sauti ya kushiba, na kwamba yatulia vyema katika njia kuu ya Thika kwa mwendo mkubwa. Kisha huugua juu ya petroli, juu ya spea za kuagiza na kungojea, na juu ya bei duni wanayopewa siku ya kuuza. Mashtaka hayo nayaona ya haki.

Lakini liko shtaka moja ambalo si la haki, nalo ndilo kubwa kuliko yote, kwamba injini hizi hufa ghafla. Katika gereji moja ya Ruiru fundi alinionyesha vali zilizotolewa kichwani mwa injini ya motokaa ambayo sina haja ya kuitaja, kwa kuwa makampuni mengi huunda injini za namna hiyo. Alizipanga juu ya kipande cha katoni. Vali nzima hunyoka kama msumari mpya; hizi zilikuwa zimepinda shingo, kidogo tu, kiasi cha unene wa ukucha, na kiasi hicho kilitosha kuizima injini. Pembeni palikuwa na belti ya taimingi iliyokatika, meno yake yakibanduka kwa kusuguliwa na kidole.

Belti hiyo ndiyo iambatanishayo mwendo wa pistoni na mwendo wa vali, ili vali iwe imekwisha jifunga wakati pistoni inapopanda. Imetengenezwa kwa mpira na nyuzi, na mpira una ajali yake. Mtengenezaji huandika kitabuni ni baada ya kilomita ngapi au miaka mingapi ibadilishwe, na ikipitishwa muda hukatika bila ya kutoa onyo, pistoni ikazigonga vali zilizobaki wazi. Injini ya Optra niliyoitaja ni ya jinsi hiyo. Sasa fikiri hali ya mnunuzi wa Ruiru ambaye kabla ya hapo alikuwa na Probox au Vitz ya Toyota: injini nyingi za motokaa hizo hutumia mnyororo wa chuma mahali pa belti, na mnyororo ukipata mafuta safi hudumu miaka mingi bila ya kuguswa. Mtu huyo hajawahi kuambiwa neno belti ya taimingi, aliyemwuzia hakumwambia, na kitabu kilipotea zamani. Siku inapokatika, kwa kutobadilishwa belti ambayo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kichwa cha injini, husema Wamarekani hawajui kuunda motokaa, na jirani zake humwamini, na bei ya Chevrolet zote mtaani hushuka.

Shirika lenyewe lilipata masaibu yake. Tarehe 1 Juni 2009 General Motors ilikimbilia mahakamani kuomba hifadhi ya wafilisi, ikafufuliwa kwa fedha za serikali ya Marekani, na tangu hapo ikawa yaacha nchi ambazo faida yake ni ndogo. Hisa zake za Isuzu ilikuwa imekwisha kuziuza zote mwaka 2006. Na mwaka 2017, mwaka ule ule iliotoka Afrika Kusini na kuwauzia Wafaransa Opel na Vauxhall, ikaiuzia Isuzu hisa zake 57.7 kwa mia za kiwanda cha Nairobi, kikaitwa Isuzu East Africa. Wafanyakazi walibaki, lori ziliendelea kutoka mlangoni, na abiria wa 237 hawakuona tofauti yoyote. Aliyeiona ni mwenye Chevrolet, ambaye aliachwa na motokaa isiyo na mwenyewe nchini. Hata hivyo, akijua kwamba ndugu wa injini yake ni Opel na Daewoo, anaweza kuwauliza wauza spea kwa majina hayo, akapata kitu ambacho kwa jina la Chevrolet aliambiwa hakipo.

Juzi, Thika, mwenye pikapu moja kuukuu ya Isuzu alinitolea kitabu chake cha matengenezo kutoka chini ya kiti. Jalada lilikuwa jeusi kwa mafuta, lakini maneno General Motors East Africa yalisomeka. Kurasa za mwanzo zilikuwa na mihuri. Za katikati na za mwisho zilijazwa kwa kalamu ya wino na fundi wake wa Makongeni, tarehe, kilomita, mafuta, chujio, belti ya feni, bila ya kuruka mara moja. Kurasa zilikuwa zimekwisha. Alikuwa amekishonea ndani daftari la mtoto wa shule, na kwenye ukurasa wake wa kwanza mistari miwili ilikuwa imekwisha andikwa.