Kuulizia Habari za Kisangani katika Hazina ya Jumuiya ya Jiografia

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani anayechunguza namna Kiswahili kilivyofika Boyoma hukabiliwa na tatizo moja kubwa: sehemu kubwa ya maandishi ya karne ya 19 kuhusu mji wake imehifadhiwa Ulaya. Miongoni mwa hazina hizo ni ile ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, iliyoasisiwa mwaka 1830, yenye ramani, picha, vitabu, barua na vifaa vinavyozidi milioni mbili. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuitumia hazina hiyo kutoka mbali.

Hatua ya kwanza ni kujua nani alimtuma nani. Verney Lovett Cameron alitumwa na Jumuiya hiyo mwaka 1873 kwenda kumsaidia Livingstone. Alifika Nyangwe mwaka 1874, akakosa mitumbwi ya kushukia mtoni, akaelekea kusini pamoja na Tippu Tip. Hakuyaona maporomoko ya Boyoma. Stanley, aliyeyapita Januari 1877, aligharimiwa na magazeti mawili, moja la London na moja la New York. Kwa hiyo habari za Cameron hutafutwa kwanza katika Jumuiya, ilhali sehemu kubwa ya karatasi za Stanley iko katika Jumba la Makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Asiyelijua hilo huweza kupoteza miezi mingi akibisha mlango usio wake.

Hatua ya pili ni majina. Orodha ya hazina husomwa kwa intaneti, lakini haimjui mtu ila kwa jina aliloandikiwa. Kisangani itafutwe pia kama Stanley Falls, kituo kilichoanzishwa mwaka 1883, na kama Stanleyville, jina lililotumika hadi 1966. Tippu Tip, aliyefanywa liwali wa maporomoko hayo mwaka 1887, huandikwa Tippoo Tib, au Hamed bin Muhammed.

Hatua ya tatu ni swali lenyewe. Watunzaji hujibu maulizo yanayopelekwa kwa barua, lakini hawamfanyii mtu utafiti wake. Anayeandika "naomba habari zote za Kongo" atapata jibu la jumla. Anayetaja mtu, mahali, mwaka na aina ya waraka, pamoja na namba yake katika orodha, humrahisishia mtunzaji kazi. Yafaa pia kuuliza mapema gharama ya nakala na masharti ya kuzichapisha, kwani picha iliyonakiliwa kwa ajili ya kusoma haina ruhusa ya kuchapishwa katika tasnifu au kitabu.

Hata hivyo, hazina hii ina pengo. Waliokileta Kiswahili bara, yaani wapagazi, wakalimani na wangwana wa misafara, aghalabu hawakuandikwa majina. Sidi Mubarak Bombay, aliyesafiri na Cameron na kupewa malipo ya uzeeni na Jumuiya mwaka 1876, ni mmoja wa wachache waliokumbukwa. Mwaka 2009 Jumuiya yenyewe ilifanya maonyesho juu ya watu hao waliosahauliwa. Basi mtafiti asiishie kwenye jina la mkusanyaji. Aulize pia nani wengine wamo katika picha, na nani alitafsiri maneno yaliyonukuliwa.

Vilevile alinganishe alichopata na maelezo ya wenyewe. Tawasifu ya Tippu Tip, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kuchapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, inasimulia safari yake na Cameron pamoja na ile ya Stanley. Masimulizi ya wazee wa Wagenya pale maporomokoni nayo ni nyaraka, ingawa hayamo katika orodha yoyote ya London. Hazina ya mbali hujibu tu kile iulizwacho, na swali bora hutungwa na yule aujuaye mto.